Sahihi ya Zagorka Ndani ya Kasha

Mimi ndiye niliyekuwa nikitia vile vikaratasi ndani ya makasha. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nasimulia makosa ya wengine huku mimi nimejitoa. Miaka sita nilifungasha vigeuzi vya Ljubiša Stamenković katika karakana yake ya Pantelej, hapa Niš, na kila kasha, kabla sijalibandika utepe, nililitilia kikaratasi cheupe kilichoandikwa: Rezista za chombo hiki nimezipima na kuzioanisha mwenyewe. Chini yake sahihi: Z. Vidanović.

Huyo Z. ni Zagorka, dada Zaga kwangu mimi, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alikaa miaka kumi na tisa kwenye meza ya vipimo ya kile kiwanda kikubwa cha elektroniki. Kiwanda kilipokufa akauza soksi na pilipili sokoni pamoja na nusu ya mji huu, na hakuona aibu. Ljubiša ndiye aliyemtoa pale. Aliwahi kuwa mhandisi kijana kiwandani, na Radisav, marehemu mume wa Zagorka, ndiye aliyemsimamia harusi yake. Kwetu mtu akikusimamia harusi, nyumba zenu zimeshakuwa moja. Ndiyo maana Ljubiša alimwita Zagorka shemeji, na Zagorka alipika sikuzote akijua kwamba Ljubiša huenda akapita.

Karakana ilitengeneza kitu kimoja tu: kigeuzi. Muziki wa siku hizi unakaa kwenye kompyuta na kwenye simu kama namba. Kigeuzi hupokea zile namba na kuzigeuza kuwa umeme, amplifaya ikaukuza, spika zikaimba. Watu wenye mapenzi ya kusikiliza waliagiza vigeuzi vyetu kutoka mbali, na kilichowavuta ni kile kitufe cha mbele cha kuzungushia sauti.

Nilipoanza kazi nilimuuliza Zagorka kitufe kile kina nini hata watu wangoje miezi. Tulikuwa tunakunywa kahawa kwenye ngazi za nyuma.

"Jikoni kwangu kuna friji inayovuma," akasema. "Sasa weka mwimbaji jikoni, mimi niko sebuleni. Nikitaka kupunguziwa sauti, njia ni mbili. Ya kwanza namwambia mwimbaji aimbe kwa sauti ndogo. Friji je?"

"Inavuma vilevile."

"Ya pili, nafunga mlango kidogo."

"Vyote viwili vinapungua."

"Basi umeshahitimu. Voliumu ya dijitali inapunguza namba kabla hazijageuzwa, yaani inamwambia mwimbaji aimbe kwa sauti ndogo. Kuvuma kwa mashine yenyewe hakuguswi. Sisi tunafunga mlango, baada ya kigeuzi."

Mlango wenyewe ulikuwa rezista ndogo ndogo, vile vipande vya kuzuia umeme, na rilei nane, zile swichi za umeme zinazojifungua na kujifunga zenyewe. Ukizungusha kitufe, rilei zinalia ndani, tik, tik-tik, na kila mlio ni rezista nyingine imeingia njiani. Tatizo ni kwamba rezista mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani sawasawa. Ya kushoto ikizidi ya kulia, ukipunguza sana sauti mwimbaji anahamia upande mmoja wa chumba. Kwa hiyo Zagorka alikaa na mita yake akipima rezista elfu moja ili apate chache za kuoanisha. Zisizofaa alizimimina kwenye kopo la kahawa. Kila kundi la rezista lilipokamilika aliandika namba ya kasha lake katika daftari la shule, akasaini kikaratasi, akaniletea.

Mwaka juzi mwezi wa Januari aliteleza kwenye barafu mbele ya posta akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akakaa na plasta, halafu akaenda kufanyishwa mazoezi kwenye maji ya moto ya Niška Banja. Kwa jumla alikuwa nje miezi mitano. Alikuwa ameacha mifuko ya rezista zilizokwisha kuoanishwa, kila mmoja na kikaratasi chake kilichosainiwa, ya kutosha mpaka kasha namba 171.

Namba 171 ilitoka mwezi wa Machi. Siku chache baadaye Ljubiša aliniletea bunda la vikaratasi vilivyochapwa, na sahihi ya Zagorka ikiwa imechapwa pamoja na maneno.

"Mkono wake bado," akaniambia. "Nimezungumza naye."

Nikaamini. Kusema kweli sikujiuliza sana. Ubao wa ndani, ule unaobeba rezista na rilei, ulikuwa umebadilika pia, unaletwa umeshachomelewa kila kitu, rilei nane zimejipanga kama zamani. Nilisikia zinalia, nikaona mambo yako sawa. Nilitia vikaratasi, nikabandika utepe, nikaandika anwani.

Zagorka aliporudi mwezi wa Juni, Ljubiša alimpokea na keki. Akamwambia kuwa rezista za siku hizi zinatoka zikiwa sahihi kabisa, mashine huko huko inazipima, na yeye amechoka vya kutosha. Akampa meza karibu na dirisha, kazi ya kukagua makasha ya nje, kama rangi imechubuka au skrubu imepinda.

"Mashine gani inapima?" Zagorka akauliza.

"Shemeji, kula keki."

Akala. Vikaratasi hakuviona, kwa sababu vilikuwa kwenye droo yangu, na mimi nilidhani anajua.

Mwezi wa Oktoba alinipigia simu Jumatano jioni, sauti imekauka.

"Persa, kuna mzee wa Pirot amenitukana."

"Amekutukanaje?"

"Ameniuliza mbona rezista zangu zinapuliza kama nyoka."

Mzee huyo aliitwa Svetolik Mančić. Alikuwa fundi wa kinanda cha mkono, akodioni, kwa miaka arobaini, na pensheni yake ya miezi mingi ilikuwa imeingia katika kasha letu namba 214. Alikuwa amepiga simu karakana mara tatu. Mara ya kwanza akaambiwa umeme wa nyumba yake ni mchafu. Mara ya pili akaambiwa amplifaya yake ni ya kizamani. Mara ya tatu kijana wa ofisini akamuuliza ana umri gani na kama amewahi kupimwa masikio. Ndipo mzee akachukua kile kikaratasi, akasoma jina, akatafuta Vidanović wa Niš katika kitabu cha simu.

"Umemjibu nini?" nikauliza.

"Nimemwambia rezista zangu hazijawahi kupuliza, na kama ana ujasiri alilete hilo kasha mezani kwangu. Anakuja kesho kwa basi. Na wewe uje."

Nilifika nikamkuta mzee ameshaketi, mrefu, kofia juu ya goti, kasha limefungwa kwenye blanketi la mtoto. Zagorka alikuwa amemwekea kahawa na peremende, lakini uso wake ulikuwa wa kupokea polisi.

"Mama, mimi sikuja kugombana," mzee alisema. "Jengo letu lina saa za mapumziko, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja. Mke wangu ni mgonjwa, hulala wakati huo. Na mimi ndio wakati wangu wa kusikiliza. Kwa hiyo nasikiliza sauti ndogo sana. Na nikipunguza sauti, muziki unaondoka, mpulizo unabaki."

"Unabaki kiasi gani?"

"Uleule. Sauti kubwa, uleule. Sauti ndogo, uleule."

Hapo nikaona mkono wa Zagorka umesimama juu ya sukari. Akaunganisha kasha na amplifaya ya Radisav na spika zake kubwa za mbao, akazima muziki kabisa, akazungusha kitufe mpaka juu. Shhhh. Akakirudisha polepole mpaka chini. Rilei zikalia vizuri tu, tik, tik-tik, tik. Shhhh haikubadilika hata kidogo.

"Friji," akasema.

Mzee akanitazama mimi. "Friji gani?"

Zagorka alikuwa ameshachukua bisibisi. Alifungua kifuniko, akalegeza ubao, akaugeuza tumbo juu, akavaa miwani ya kukuzia. Aliutazama muda mrefu. Kisha akachukua mita, akagusa mguu mmoja wa rilei, akagusa mwingine, akahamia ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Alizirudia zote.

"Njoo uone, mdogo wangu," akaniita. "Rilei ina miguu ya sumaku, inayoifanya ijifunge. Na ina miguu ya kupitisha muziki. Hii ya sumaku imeunganishwa, unaona njia yake? Sasa nionyeshe ya muziki inakwenda wapi."

Niliangalia. Miguu ile ilikuwa imechomelewa kwenye ubao mtupu. Haikwenda popote.

"Haziingii kwenye muziki," nikasema.

"Haziingii. Zimewekwa zilie. Voliumu inapunguzwa ndani ya chipu, kwa namba, na hizi zinalia tu ili mtu anayezungusha asikie mlango unafungwa."

Svetolik alivaa kofia yake, akaivua tena. "Kwa hiyo mimi nimenunua kengele," akasema.

Kikaratasi kilikuwa ndani ya lile blanketi la mzee. Zagorka alikichomoa, akakiinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya jina lake. Wino wa kalamu huacha mfinyo kwenye karatasi. Huu haukuacha.

"Hiki nani amekitia?"

"Mimi, dada Zaga. Aliniambia amezungumza nawe."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alimwambia mzee amwachie kasha wiki mbili, akamfungia mkate wa jibini wa kula njiani, akamsindikiza mpaka kituoni. Aliporudi aliketi jikoni na koti lake mwilini.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba watu wanasoma jina langu juu ya kitu kisichokuwemo."

Asubuhi yake tuliingia ofisini kwa Ljubiša pamoja. Aliona ubao mkononi mwa Zagorka, na sifa moja nimpe: hakukana.

"Kaa, shemeji. Nilikuwa nataka kukueleza."

"Nasikia ukiwa umekaa wewe. Mimi nitasimama."

Akaeleza. Mkono wa Zagorka ulikuwa kwenye plasta, maagizo yamejaa, hakuna mwingine mwenye subira ya kupima. Chipu mpya inapunguza namba kwa usahihi ambao miaka kumi iliyopita haukuwepo, haipotezi chochote cha muziki. Lakini wateja wakizungusha kitufe bila kusikia tik wanasikitika. Walishazoea. Akawapa.

"Ukawapa na jina langu."

"Jina lako linauza, shemeji. Hiyo ni heshima."

"Heshima haiombewi ruhusa?"

"Nisikilize. Watu wanasikia walichoambiwa wasikie. Hata wewe. Nakuwekea pazia hapa, kasha la zamani na kasha jipya, na huwezi kunitajia lipi ni lipi."

Nilidhani Zagorka atamtupia ule ubao usoni. Badala yake akasema, "Weka."

Tukalisogeza kabati, tukasimamisha maboksi ya karatasi ngumu, nyuma yake kasha namba 90 la maonyesho, ambalo rezista zake alizioanisha yeye, na kasha jipya. Mimi ndiye niliyebadilisha waya, kwa kurusha sarafu ya dinari ishirini. Zagorka kwanza alisawazisha sauti za makasha yote mawili kwa mita, maana lile linaloimba juu kidogo huonekana zuri zaidi, na hakutaka kumpa Ljubiša wala yeye mwenyewe kisingizio. Wimbo ulikuwa wa kwaya ya wanawake. Sauti ya kawaida, kama mtu anavyosikiliza akiwa peke yake nyumbani.

Mara kumi. Alipata sita.

"Sita ni bahati tu," Ljubiša akasema, akitabasamu.

"Ni bahati," Zagorka akajibu. "Sikutofautisha. Liandike, nitatia sahihi, ya kalamu. Sasa punguza mpaka pale mgonjwa anapoweza kulala chumba cha pili."

Ljubiša akasita. Mimi nikapunguza. Nikarusha sarafu tena mara kumi, na mara zote kumi alitaja sawa, mara nyingine kabla kwaya haijaanza, akinyoosha kidole tu: jipya, jipya, zamani, jipya. Hata mimi nilisikia nikiwa nyuma ya maboksi.

"Nani anasikiliza chini hivyo?" Ljubiša akauliza.

"Svetolik Mančić wa Pirot. Na kila mwenye jirani."

"Mtu mmoja."

"Ungemwambia huyo mmoja. Hapo ndipo penye ugomvi wangu, Ljubiša, usinihamishe. Dijitali si dhambi. Umenithibitishia hapa kwamba ni nzuri kuliko nilivyodhani, nimekubali mbele ya Persa. Ungeandika juu ya kasha: voliumu ya dijitali. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aache. Lakini wewe umekaa na mchoraji wa ule ubao, mkapanga rilei nane zisizopitisha kitu, mkazihesabu, mkaziagiza. Huko si kukosea. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akafikiri."

"Radisav angenielewa."

"Usimtoe Radisav kaburini kwa ajili ya rilei."

Alimtaka mambo mawili: vikaratasi viondolewe, na watu walionunua baada ya namba 171 waandikiwe. Walikuwa arobaini na watatu. Ljubiša alikubali la kwanza, la pili akasema litaua karakana, na je, yuko tayari kuwatoa kazini watu tisa? Alininyooshea kidole mimi. Nilikuwa na watoto wawili wanaosoma, na alijua. Kunitumia mimi kama mfuko wa mchanga wa kujikingia ndiko kulikonichoma kuliko yote.

Zagorka aliondoka siku hiyo na koti lake na mita yake, ambayo ilikuwa mali yake tangu kiwandani. Binti yake Jasmina, aliyeko Novi Sad, alimwekea maneno kwenye ukurasa wa mtandao wanapokutana wapenzi wa vyombo vya muziki. Yalikuwa machache: Mimi Zagorka Vidanović sikupima wala kuoanisha rezista za chombo chochote baada ya namba 171. Sahihi iliyomo ni ya kunakiliwa. Rilei hazijaunganishwa. Picha hizi hapa.

Nilijua watu watakasirika. Sikujua watamkasirikia nani. Mmoja aliandika kwamba ni kibarua aliyefukuzwa analipiza kisasi. Mwingine alisema bibi kizee ameona wivu mashine imempita. Mwenye kasha namba 190 aliandika kurasa mbili kwamba kasha lake linaimba kwa utamu ambao dijitali haiwezi kuutoa, na kwamba yeye huusikia mlio wa kila rezista ikibadilika. Akafuata mwingine akaeleza kuwa rilei, hata zisipounganishwa, husafisha umeme uliomo ndani ya kasha, na wasioelewa wanyamaze.

"Nisomee tena hiyo," Zagorka akaniambia. "Labda nimesahau kusoma."

Nikamsomea tena. Alizunguka meza ya jikoni mara mbili.

"Mimi nilijijaribu nyuma ya pazia, nikakiri mbele yenu kwamba nilipata sita. Huyu hajafungua hata kifuniko."

Kisha ikaja barua ya mwanasheria: ayafute maneno yake ndani ya siku nane. Akajibu kwa mkono. Alichora mduara kwenye picha ya ubao, akaandika kwamba atafuta siku mwanasheria atakapomwonyesha, kwa kalamu, njia ambayo muziki unapita. Mwanasheria hakuandika tena.

Wiki hiyo hiyo Ljubiša aliniita. Juu ya meza yake kulikuwa na karatasi inayosema kwamba mimi, Persida Rakić, nilikuwepo Zagorka alipotoa ruhusa ya sahihi yake kuchapwa.

"Alitoa lini?" nikauliza.

"Kwa simu. Ulikuwepo."

"Sikuwepo, na hakutoa."

"Persa, fikiria watoto."

Nilifikiria watoto. Nilifikiria nikitia vikaratasi arobaini na vitatu kwa vidole hivi, vikiwa safi, vimekatwa sawa, na mimi nikijisifu kuwa navinyoosha visijikunje. Nikamrudishia kalamu. Sasa nauza burek, ile mikate ya mafuta ya nyama na jibini, kwenye duka la mkate karibu na stesheni, mshahara ni mdogo, na mikono yangu inanuka mafuta hata Jumapili.

Zagorka alimtengenezea Svetolik mlango wa kweli. Alikwenda kwenye lile kopo la kahawa, maana zilizokataliwa miaka yote ile zilikuwa mamia, na katika mamia zikapatikana zinazolingana. Mkono uliovunjika haukuwa na nguvu za kutosha za kuchomelea, ikabidi aushike kwa mkono wa pili. Alikata njia za ubao, akaziingiza zile rilei nane kazini. Mzee alipokuja kulichukua kasha alizungusha kitufe mpaka chini, akangoja, akabandika sikio kwenye spika.

"Sisikii kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa," Zagorka akasema, na hiyo ndiyo mara ya pekee nilipomwona akicheka mwaka ule.

Baada yake wakaja wengine kumi, mmoja mmoja, kutoka Leskovac, kutoka Subotica, mmoja mpaka Skopje. Mmojawapo alikuwa mwenye kasha namba 190. Hakuomba radhi. Aliketi akanywa kahawa, akauliza kama kazi itachukua muda mrefu.

Masika iliyofuata Ljubiša akatoa modeli mpya. Haina rilei. Juu ya kasha imeandikwa wazi, voliumu ya dijitali, na nyuma kuna swichi moja ya kupunguza sauti yote, pamoja na mpulizo wake, kwa ajili ya wanaosikiliza chini. Ni chombo kizuri, Zagorka mwenyewe amekisikiliza akasema ni kizuri. Kinauzwa kuliko cha zamani. Kwa hiyo angeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, bila kunakili jina la mtu na bila kumwambia mzee wa watu akapimwe masikio. Gazeti moja la hapa lilimhoji, akasema karakana yake imejengwa juu ya uwazi. Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma ya sinia la burek, na mteja akaniuliza kama naumwa.

Novemba ikafika siku ya mtakatifu wa nyumba ya Zagorka. Siku hiyo hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa, anayekuja anakuja. Kulikuwa na supu, sarma za nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi, ngano ya kuchemsha, mkate wa ibada na mshumaa wake. Ljubiša akaja, kama kila mwaka, na chupa ya divai na maua ya mkewe. Zagorka alimpokea koti, akamkalisha, akamjazia sahani, na alipoona ameshika kijiko akamuuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida ya mwenye nyumba:

"Ljubiša, umeshawaandikia wale watu? Kumi na mmoja wamefika kwangu. Wamebaki thelathini na wawili."

"Supu ni nzuri, shemeji."

"Asante. Nimekuuliza swali."

"Leo ni sikukuu."

"Najua. Mshumaa nimeuwasha mimi."

Alikula haraka, akanywa glasi moja, akasema ana safari kesho. Zagorka alimfungia kipande cha keki ampelekee mkewe, akamfikisha mlangoni, akamrudishia koti. Wageni walianza kuzungumza juu ya theluji. Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimwambia mimi nisingeweza, ningemmwagia ile supu.

"Supu inapikwa siku mbili," akasema, akinipa sahani ya kukausha. "Mwakani atakuja, na nitamuuliza tena."